Kibodi ya Baba Mkwe

Mimi nina hasira za karibu. Nalisema mapema ili asije mtu akanishangaa baadaye. Na wiki ile hasira zangu zote zilimwangukia mtu mmoja, baba mdogo Adelard, mdogo wake baba mkwe wangu. Alikuja kwetu Kimuli siku ya Jumatatu asubuhi, akakaribishwa kiti, akatafuna punje za kahawa alizotengewa kama mgeni, akapangusa midomo, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetoa msaada: "Basi Jumapili mtoto akibatizwa, jina la ukoo nitatoa mimi."

Nilikuwa jikoni namenya ndizi. Nikaweka kisu chini, nikatoka hadi mlango wa uani.

"Baba mdogo, yaani babu wa mtoto yupo hapo kibarazani anakusikia, na nyie mnamzika akiwa amekaa kwenye kiti chake?"

"Deodatha, punguza sauti," mama mkwe akanionya.

"Mama, mimi sauti ninayo, acha niitumie. Mwenzetu hana."

Labda nieleze, maana asiye wa huku anaweza kuona nagombania kitu kidogo. Kwetu jina la ukoo mtoto hupewa na babu mzaa baba. La ubatizo tulilichagua wenyewe, mimi na mume wangu Jovin, tukamwita Sperancia, na hilo halikuwa na neno. Lakini la ukoo ni la babu, na mdogo wake babu halitoi mpaka babu awe kaburini. Adelard akilitoa Jumapili, kanisa zima litaelewa kwamba mzee Rogasian amekwisha, kilichobaki ni mwili tu. Na mzee mwenyewe angekuwepo pale pale benchi la mbele, akisikiliza.

Huyu mzee alikuwa mwalimu mkuu. Alipokuwa akiita majina asubuhi, watu walikuwa wanamsikia mpaka barabarani. Kiharusi kilimpiga wiki tatu kabla sijajifungua. Akili ilibaki nzima, masikio mazima, ulimi ndio uligoma. Akitaka kusema hutoka mngurumo tu, na akiusikia mwenyewe ananyamaza kwa aibu. Mkono mmoja ulilala kabisa. Uliobaki unatetemeka kiasi kwamba kikombe chake hujazwa nusu.

Miezi minne tulijaribu kulipata hilo jina. Adelard alimtajia mabibi wote wa ukoo waliokufa, mmoja mmoja, na mzee akatikisa kichwa kukataa mpaka shingo ikachoka. Tukampa kalamu, ikachora milima na mabonde. Jovin akamwandikia herufi kwenye boksi la sabuni ili azionyeshe kwa kidole. Mzee akagusa ya kwanza, na kabla hajafika ya pili watu watatu walishapiga kelele, kila mtu na jina lake. Akalirusha boksi uani. Tukampa simu. Kidole kinagusa herufi tatu kwa mpigo, halafu simu nayo ikawa na tabia za Adelard, inamkatisha na kumkisia maneno. Hiyo nayo aliirusha, bahati nzuri ikaangukia kwenye majani ya migomba.

"Sasa mkamwana," Adelard akaniambia siku ile ya Jumatatu, "wewe unataka nifanye nini? Mtoto afike kwa padre bila jina? Katekista ameshauliza mara mbili."

Na ukweli ni kwamba hakuwa mtu mbaya. Ana haraka tu, na anapenda kushika usukani. Nikamwambia, "Nipe mpaka Ijumaa, baba mdogo. Baba akishindwa kulitoa mwenyewe mpaka Ijumaa, mimi nitanyamaza."

"Wewe? Unyamaze?" Adelard akacheka mpaka akakohoa. "Haya, hilo nalitaka nilione. Ijumaa."

Nilisomea kompyuta Bukoba miaka miwili, na laptopu yangu ya chuo bado ninayo. Imepasuka pembe, kumbukumbu yake ndogo, lakini vitufe vyake ni vikubwa na vigumu, mtu akivibonyeza anajua amebonyeza. Nikawaza kwamba mzee akipata kitufe kimoja kwa herufi moja, bila simu kumkisia, bila watu kumkisia, ataandika. Siku ya Jumanne nikampa mama mkwe ampelekee.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mimi ni mkamwana, na mzee huyu ni wa zamani. Namsalimu nimepiga magoti, macho chini. Sikai kwenye kiti chake, simpi kitu mkononi, sipiti karibu nikamgusa hata kwa upindo wa kanga. Chakula chake napika mimi, anampelekea mama. Sijawahi kuona ni mzigo. Ni heshima, na yeye hunirudishia: nikitoka uani na mtoto anageuza uso upande wa migomba niwe huru kumnyonyesha. Ila sasa kumfundisha mtu kompyuta ukiwa umbali huo! Kile kidude cha kusogeza mshale hakifundishwi kwa maneno. Lazima uushike mkono wa mtu uuongoze, na mkono ule mimi nisingeushika hata dunia ipinduke.

Basi nikakaa nyuma ya pazia la mlango wa sebuleni, mama akakaa naye kibarazani, mimi nasema, yeye anaonyesha. Balaa tupu. Mzee alibonyeza kufungua ukurasa wa kuandikia, kompyuta ikatulia kimya. Kuukuu ile, imebeba Linux, mfumo wa kuiendesha, wenye mapambo yote, vivuli, picha za kurukaruka, menyu za kufunguka kwa maringo. Akaona haijasikia, akabonyeza tena, na kwa kutetemeka kule kubonyeza mara moja huwa mara tano. Baada ya muda kurasa sita zikafunguka kwa pamoja, moja juu ya nyingine, na skrini ikaganda.

Mama akaja nyuma ya pazia. Akaninong'oneza, "Analia."

Mawe, mama wee! Nilisikia kama nimemwagiwa maji ya moto. Mwalimu mkuu, na mimi ndiye niliyemliza. Nilienda jikoni nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Nilipotulia nikaanza kufikiri vizuri. Kosa halikuwa la mzee. Ile mashine ilikuwa inatumia nguvu zake zote kujipamba, ikabaki haina nguvu ya kumsikiliza mtu. Na kuna programu moja inaitwa i3, tulifundishwa chuoni na mwalimu mmoja aliyekuwa haipendi kompyuta yoyote mpya. Kazi yake ni kupanga madirisha kwenye skrini, basi. Haina mapambo. Ukifungua kitu kinajaa skrini nzima, ukifungua cha pili vinagawana nafasi, hakuna cha kumlalia mwenzake. Na kilichonifanya niache sufuria motoni ni hiki: inaendeshwa kwa vitufe. Mshale wala hauhitajiki. Kitufe kinatajika kwa mdomo. Ninaweza kukitaja nikiwa nyuma ya pazia na heshima yangu yote.

Kwetu mtandao unapatikana vizuri kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Jumatano asubuhi nilibeba kigoda, nikaweka laptopu juu yake, mtoto mgongoni, nikaunganisha na simu na kuandika amri ya mstari mmoja ya kuishusha i3. Ikashuka taratibu. Nilikuwa nafukuza kuku kwenye kahawa kwa mguu huku naomba chaji isiishe. Haikuisha. Nikazima, nikawasha, nikaichagua i3 pale pa kuingilia, na skrini ikawa nyeusi tii.

Mama mkwe alikuwa anapita na ufagio. Akachungulia. "Umeiua."

"Sijaiua mama, ndivyo ilivyo. Imevua mapambo."

"Nshomile, msomi wetu," akasema akitikisa kichwa, "usituletee msiba wa pili."

Uzuri wa i3 ni kwamba kila tabia yake imeandikwa kwenye faili moja la maneno, na ukitaka ibadilike unafuta mstari na kuandika mwingine. Nikaliandika la mzee kuanzia mwanzo. Ikiwashwa tu, ukurasa wa kuandikia ufunguke wenyewe, herufi kubwa za kusomeka kutoka mlangoni. Kitufe kikishikiliwa muda mrefu, herufi isijirudie. Kikigongwa mara tatu kwa kutetemeka, ihesabu mara moja. Na nikamwekea kurasa mbili, moja ya kuandikia na nyingine ya kusomea Biblia, maana alikuwa hawezi tena kufunua kitabu. Vitufe vya kuamrisha nikavipanga vyote pembeni kushoto, karibu na mkono wake mzima, asihangaike. Cha kuhama ukurasa nikakipa Caps Lock, kile kilicho jirani kabisa na A. Nikaijaribu mara kumi. Kufumba na kufumbua ukurasa umefunguka. Nilicheka peke yangu pale katikati ya kahawa.

Alhamisi mchana Adelard akafika, eti anapita tu. Hakuna aliyemwamini. Mama akaiweka laptopu mezani mbele ya mzee, mimi nikakaa kwenye mkeka nyuma ya pazia, mtoto akininyonya.

"Baba, shikamoo. Hakuna cha kufungua. Ukurasa upo tayari. Andika tu."

Halafu nikasikia kitufe. Tak. Kingine. Tak. Moyo wangu ukawa unaenda navyo.

"N," mama akasoma. "Y." Kisha akapiga ukelele. "Wee! Imemeza! Maneno yameondoka!"

"Yameondokaje, mama?"

"Yameondoka! Imekuja Biblia!"

Nikamwambia abonyeze Caps Lock ukurasa urudi. Ukarudi, N na Y zikiwepo. Mzee akaanza tena, na tena ukurasa ukaondoka. Mara ya tatu vile vile. Nikasikia kiganja kikipiga meza, halafu ule mngurumo wake, mrefu, wenye uchungu, na mara hii hakuukatisha.

"Mnamtesa," Adelard akasema taratibu, na hakuwa anatania. "Kaka, inatosha. Mama Jovin, toa hicho kitu."

Nilimsikia mama akiinuka kuja kukitoa. Nikajua kikitoka hapo mezani hakitarudi tena, wala kesho, wala kwa mtoto mwingine yeyote wa nyumba hii. Na mimi niliipanga mashine ile mwenyewe, najua haina kichaa. Nikafanya kisichofanyika. Nilivuta pazia, nikasimama mlangoni na mtoto kifuani, nikamtazama baba mkwe wangu moja kwa moja.

"Deodatha!" mama akasema.

Mzee alikuwa amenyoosha mkono kuvuka kibodi yote ili aifikie A. Ulikuwa unatoka kulia. Mkono wake mzima ulikuwa wa kulia! Kidole kilipofika kule mwisho kikawa kimechoka, kikapitiliza A na kutua kwenye Caps Lock. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala mapajani, umefunikwa na shuka. Miezi minne nimeishi nyumba moja na mtu huyu sijui mkono wake mzima ni upi. Kila siku nimepiga magoti mbele yake, macho chini, naona mkono unaocheza uko upande wangu wa kushoto, nikasema basi ni wa kushoto. Heshima yangu yote ile, na sikuwa nimemwona.

"Kumbe!" nikapiga kelele. "Kosa ni langu! Baba, kosa ni langu, wewe hujakosea hata herufi moja! Mama, niletee hapa."

Mama akaileta, nikakaa palepale mlangoni sakafuni. Mistari minne. Caps Lock nikaifanya iwe kitufe mfu, ukiibonyeza hakuna kinachotokea. Vya kuamrisha vyote nikavihamishia juu kulia. Nikamwambia mama akiirudisha aisogeze laptopu upande wa kulia, mpaka A iwe mbele ya kifua cha mzee, mkono usisafiri. Dakika tatu hazikufika. Nikairudisha kwa mama, nikashusha pazia, nikaketi.

Tak. Tak.

"N," mama akasoma. "Y." Tak. "A! Imekaa! A imekaa!"

"Inaweza kuwa Nyamwiza," Adelard akadakia. "Au Nyakato? Kaka, ni Nyakato?"

Tak, tak, tak. Watu wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Waje Kimuli. Kilikuwa kinakwenda taratibu, kinapumzika, kinakwenda tena, na hakuna herufi iliyopotea. Mama alikuwa ameacha kusoma kwa sauti, nikawa sijui kinachoendelea, nikataka kulichana lile pazia kwa meno.

"Mama, ameandika nini?"

Mama alianza kucheka. Alicheka huku analia, na maneno yakamtoka vipande vipande. "Ameandika, 'Nyamazeni wote.'"

Hata Adelard alicheka. Na mzee akacheka, nikamsikia, sauti ile ile ya mngurumo, ila sasa hakuwa anaionea aibu. Ee Mungu wangu, nilipumua. Nadhani tangu Jumatatu nilikuwa sijapumua hewa ikafika chini. Nilimbusu mtoto kichwani mpaka akaachia ziwa akanitazama.

Tukanyamaza wote, kama tulivyoambiwa. Vitufe vikaendelea kwa muda mrefu. Jua lilihama kutoka mezani likafika kwenye kizingiti. Hakuna aliyekisia chochote. Kisha vikakoma, nikasikia mama akivaa miwani vizuri.

"'Jina la mtoto ni Kokwijuka,'" akasoma.

Adelard akakohoa. "Kokwijuka? Kaka, kwetu hakuna Kokwijuka. Nimehesabu mpaka mabibi wa babu zetu. Hakuna."

Mimi Deodatha, sina neno. Kwao hakuna Kokwijuka kweli. Kokwijuka ni mama yangu mzazi, wa kule nilikozaliwa, tuliyemzika mwaka juzi. Ndiyo maana hawakulipata miezi yote ile. Walikuwa wanalitafuta kwa wafu wao, hakuna aliyefikiria wa kwangu.

Vitufe vikaanza tena. Mama akasubiri mpaka vikaisha, akasoma taratibu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "'Alinipa binti. Alikufa sijamshukuru.'"

Nililia kwa sauti. Sikujifanya ni moshi. Nililia nyuma ya pazia na mtoto mapajani, kila mtu kibarazani akinisikia, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niipe jina gani.

Adelard akaacha nikalia kidogo, kisha akaanza, kwa upole, maana ana haki ya kusema katika ukoo wake. "Lakini kaka, jina la upande wa mama? Haijawahi kutokea kwetu. Watu watauliza. Mimi nikiulizwa Jumapili nitawajibu nini?"

Safari hii vilikuwa vichache. Nilivihesabu, herufi nane na nukta. Mama hakusoma. Aliigeuza laptopu upande wa Adelard asome mwenyewe, na kwa kuwa herufi nilizipanga kubwa, hata mimi nikaziona kwenye upenyo wa pazia.

Nimesema.

Adelard akavua kofia. "Umesema, kaka," akajibu.